Mtani Aliyebaki Barazani

Watu wakiniita daktari huwa siwasahihishi. Mimi ni tabibu, na kwa miaka kumi na mmoja niliyokaa kwenye kituo chetu cha afya upande wa Handeni, kazi yangu kubwa haikuwa kutibu. Ilikuwa kuchagua. Mtu akianguka na pikipiki, akikatwa na panga shambani, akipigwa teke na ng'ombe, analetwa kwangu, nami naamua: huyu tumshone hapahapa, huyu alale tumwangalie, huyu apelekwe Korogwe kwa daktari wa upasuaji. Tulikuwa na jengo zuri la upasuaji, vitanda vyake bado viko ndani ya nailoni, lakini mtu wa kutia usingizi hakuwepo. Gari la wagonjwa lilikuwa moja, na machela ndani yake moja. Kwenda Korogwe, kukabidhi mgonjwa na makaratasi yake, na kurudi, ni saa tatu kama barabara ni kavu na dereva hajakutana na shemeji yake njiani.

Nilikuwa na kiburi na kazi hiyo, niseme ukweli. Wauguzi wageni niliwafundisha kanuni yangu siku ya kwanza: anayepiga kelele ana pumzi ya kupigia kelele, nenda kwanza kwa aliyenyamaza. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Waliiandika kwenye madaftari yao, nami nikajisikia mwalimu.

Kanuni yangu ya pili sikumfundisha mtu yeyote, kwa sababu sikujua kama ni kanuni. Niliipata kwa bibi yangu aliyenilea. Sisi Wazigua tunataniana na Wasambaa, na bibi alikuwa na mtani wake, mama mmoja wa Kisambaa aliyekuwa akishuka mlimani na matenga ya nyanya. Wale wawili walikuwa wakitukanana mpaka sisi wajukuu tunatafuta pa kuficha nyuso. Bibi aliugua mara nyingi, na nyumbani tulipima ugonjwa wake kwa matusi. Akimwita mwenzake mla magimbi, tunajua ni homa tu, itapita. Mwaka wa mwisho yule mama alikuja, akasimama mlangoni, akasema kile kizee bado hakijafa, na bibi akamjibu, "Karibu dada, pole na safari." Mjomba alisikia jibu hilo, akatoka nje kwenda kuwaita ndugu. Siku ya tatu tulimzika.

Kwa hiyo nilikua najua kwamba anayetania hafi leo. Chuo kilinifundisha mapigo, presha, macho, ngozi, na mimi nikavijua vyote. Lakini ile ya bibi ilikuwa imetangulia kukaa, na kilichotangulia kukaa hakiombi ruhusa.

Niseme pia nilivyokuwa nikiishi, maana inahusika. Mume wangu anafanya kazi Dar, watoto wako bweni, na mimi nilikaa peke yangu kwenye nyumba ya watumishi nyuma ya kituo. Kijiji kilinipa heshima zote isipokuwa mazungumzo. Nikiingia dukani sauti zinashuka. Si chuki. Kila ukoo pale una mtu niliyempeleka na mtu niliyembakisha, na hakuna anayejua zamu yake itakuja lini, kwa hiyo wananisalimia vizuri na kunipisha. Mtu wa kunitania hakuwepo. Ukikaa hivyo miaka, mtu akikutania unamshukuru kuliko anavyostahili.

Ilikuwa siku ya gulio, saa nne asubuhi. Fuso iliyokuwa imebeba magunia ya mahindi, na watu wamekaa juu ya magunia, ilipinda vibaya kwenye kona ya korongo ikalala ubavu. Tuliletewa watu tisa kwa pikipiki na kwa mkokoteni. Saba walikuwa na michubuko, midomo iliyopasuka, mkono mmoja uliovunjika bila fujo. Wawili ndio walionisimamisha.

Wa kwanza alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi. Paja la kulia lilikuwa limevunjika na mfupa umetoka nje, damu imejaa kwenye kanga. Alikuwa akilia na kuwaita marehemu wa kwao mmoja mmoja. Mama yake, aliyekuwa naye kwenye fuso na kutoka salama, alimshika wayo na kurudia neno moja tu, "Mwanangu, mwanangu."

Wa pili alikuwa mzee wa miaka sitini hivi, amekaa kwenye benchi la baraza, ameshika mbavu za kushoto kama mtu anayezuia mfuko usimwagike. Miguuni pake palikuwa na beberu mwekundu, amefungwa kamba, mzima kabisa.

"Umetoka wapi, mzee?" nilimuuliza huku nikimfunga mashine ya presha.

"Kerenge. Nilikuja gulioni kutafuta beberu wa mbegu. Na wewe usiponishika taratibu nitajua kwamba ni Mzigua."

"Ni Mzigua. Na shikamoo sikupi, Msambaa wewe."

"Baki nayo. Shikamoo ya Mzigua ina ombi nyuma yake."

Nilicheka. Sikumbuki ni lini nilikuwa nimecheka kazini kabla ya hapo. Nikamwambia watu wa mlimani wamezoea kupanda migomba, nani aliwaambia wapande magunia. Akasema yeye hakupanda, magunia ndiyo yaliyomkaribisha. Mapigo yake yalikuwa tisini na mawili, presha yake ya kijana, tumbo lake laini chini ya mkono wangu. Mbavu mbili zilimuuma nilipozigusa, za kushoto, chini. Alikuwa ameangukia ukingo wa bodi ya gari. Nikamwambia akae hapo, nakuja.

Tulilifunga paja la yule mwanamke kwa banzi, tukamwekea dripu, tukaziba damu. Kisha nikaenda kupiga simu Korogwe. Pale kituoni mtandao ulipatikana vizuri sehemu moja tu, nyuma ya tangi la maji, ukiwa umesimama juu ya tofali. Nimefanya maamuzi ya watu wengi juu ya tofali lile, jua likiniwakia utosini, bila mtu wa kumuuliza. Daktari wa upande wa pili anaona kwa macho yangu. Nikimwambia mgonjwa ni mweupe, ameishiwa damu, kwake ni mweupe.

Alikuwa kijana, sauti yake ina usingizi wa zamu mbili. Aliniuliza nina wangapi.

"Wawili. Mmoja paja limetoka mfupa, huyo anakuja sasa. Mwingine mbavu za kushoto."

"Huyo wa mbavu anaweza kukaa? Kama anaweza, mpandishe humohumo, tumwangalie tumbo. Mashine ipo."

"Nafasi ya kukaa ameshaichukua mama wa mgonjwa. Huyu atakuja zamu ya pili."

"Mapigo?"

"Tisini na mawili."

Hayo mapigo yalikuwa ya nusu saa iliyopita. Sikuyapima tena kabla ya kwenda kwenye tofali. Hakuna aliyeniuliza ni ya saa ngapi, na mimi sikusema.

"Yuko macho vizuri?"

"Macho? Ananitukana mimi na ukoo wangu wote."

Alicheka. "Mtani?"

"Mtani. Msambaa."

"Basi huyo mzima," alisema, nami nikacheka naye, tukaagana.

Niliporudi, yule mama alikuwa tayari ndani ya gari, amepakata ndoo yenye sufuria, sahani na kanga mbili, maana hospitali bila ndugu wa kukupikia ni kifungo. Benchi la ndani lina nafasi mbili: moja ya muuguzi, nyingine ya mtu mmoja. Nilisimama mlangoni mwa gari. Nakumbuka vizuri kwamba nilisimama. Neno lilikuwa mdomoni: mama, shuka, utafuata na basi, huyu mzee akae hapo. Yule mama akanitazama, akaikumbatia ndoo.

Mzee aliona kutoka barazani. "Mwache mama aende na mwanawe," alisema. "Mimi nani ataniuguza huko? Beberu?"

Wote waliokuwa pale walicheka, hata dereva. Nikafunga mlango wa gari.

Nimejiuliza mara nyingi kama alikuwa ananipa ruhusa au alikuwa anasubiri nimkatalie. Mtu mzima wa huku haombi nafasi ambayo mama ameikalia. Angeomba vipi? Ilikuwa kazi yangu kumwombea.

Gari likaondoka, nikaendelea na wale saba. Nilikuwa nashona mdomo hapa, nafunga mkono kule, na kila nikipita barazani namuuliza, "Msambaa, hujafa?"

"Nife Uziguani, nizikwe kwenye vumbi?"

Nikahesabu hilo kama kipimo. Ndivyo nilivyofanya, sina jina lingine la kulipa. Kila baada ya robo saa nilitakiwa kumfunga ile mashine, kusoma, kuandika. Badala yake nilimpiga neno, akarudisha neno, nikaenda zangu nimeridhika. Kwenye karatasi yake kuna mstari mmoja wa saa nne na nusu, na baada yake nafasi nyeupe.

Aliomba maji. Nikamwambia hapana, huenda Korogwe wakataka kukupasua, tumbo lisiwe na kitu. Akasema alijua Handeni hakuna maji lakini hakujua kwamba wameanza kuyaficha kwa sheria. "Basi mpe beberu," alisema, "yeye hapasuliwi." Nikampa beberu maji kwenye beseni, na yule mnyama akanywa yote, mzee akimtazama.

Kisha mke wake akapiga simu. Nilikuwa karibu, nilisikia upande wake. Alimwambia amepata ajali ndogo, wasihangaike. "Niko kwa mtani wangu hapa, Mzigua mmoja mwenye ulimi mbaya. Nimepona kwa kutukanwa. Nitarudi na beberu."

Haikupita muda akaniita. Nilikuwa mlangoni, sindano ya kushonea mkononi, kijana mmoja ananisubiri na paji la uso wazi.

"Mzigua. Mbavu zimenyamaza, sasa bega limeanza. Hili la kushoto. Nadhani ni uzito wa kuwabeba nyinyi tangu enzi za babu zetu."

Tulicheka. Mhudumu aliyekuwa akifagia alicheka, kijana mwenye paji la uso alicheka akashika jeraha. Nikamjibu kwamba Msambaa hajawahi kubeba kitu zaidi ya tenga la nyanya, nikaingia ndani kushona.

Mtu ameumia ubavu wa kushoto, bega la kushoto halikuguswa na kitu, na bega hilo linaanza kumuuma. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anajua maana yake. Bandama imepasuka, damu inajaa tumboni, inagusa kiwambo kinachotenga tumbo na kifua, na maumivu yanajitokeza begani. Mtihani ukija na swali hilo nalijibu nikiwa nimesinzia. Nililijua siku hiyo pia. Lakini yeye alinipa dalili akiwa ameifunga ndani ya utani, kwa sababu tulikuwa tunataniana na hakutaka kuwa wa kwanza kuacha. Na mimi nilipokea utani, dalili nikaiacha palepale kwenye benchi. Daktari wa kutoka mbali, asiyejua Mzigua wala Msambaa, angemuuliza linauma vipi, tangu lini. Angemponya. Ujuzi wangu wa watu wangu ndio ulionifunga macho, na hilo linaniuma kuliko kosa lenyewe.

Ilikuwa kama saa saba nilipopita tena. "Msambaa, hujafa?"

Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, madogomadogo, na midomo imepoteza rangi.

"Mwanangu," alisema, "nisaidie nilale."

Nilimfunga mashine. Mapigo mia na thelathini na nne. Presha themanini, na chini yake sikusikia kitu. Tumbo lile lililokuwa laini lilikuwa limekaza. Tulimlaza, tukamwekea dripu mbili, nikakimbilia tofali. Dereva wetu ndiyo kwanza alikuwa amefika Korogwe, bado anashusha machela.

Jirani na kituo kuna mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mhindi aliyezaliwa hapohapo, na Kizigua chake ni kizuri kuliko changu. Alikuwa na pikapu nusu imejaa saruji. Sikumaliza sentensi. Aliwaita vijana wa dukani wakamwaga mifuko chini, mingine ikapasuka, akapanda mwenyewe kuendesha. Tuliweka godoro nyuma, tukamweka mzee, nikakaa kichwani pake nimeshika dripu juu. Zamu ya pili niliyomwahidi ilikuwa hiyo.

Njiani nilimtania. Sijui niliwaza nini. Nilimtolea matusi yote niliyoyasikia kwa bibi, ya magimbi, ya baridi, ya uoga wa Wasambaa, ya chifu wao na ya mbwa wa chifu wao. Nilikuwa namwomba anirudishie moja tu. Hakurudisha. Alikuwa ananitazama kwa adabu, jinsi mtu anavyomtazama mgeni anayesema lugha asiyoijua. Baadaye alianza shahada, sauti haitoki vizuri, nikaishika pale alipoiachia nikaimaliza naye. Tulikuwa kwenye mashamba ya mkonge, mji wa Korogwe uko mbele kidogo. Niligonga paa la pikapu.

Yule mzee wa duka alisimamisha gari pembeni, akaja nyuma, akatazama, akavua kofia. Akaniuliza kwa upole, "Dokta, tuendelee au turudi?"

Hata hapo ilikuwa juu yangu. Nikasema tuendelee, maana Kerenge ni upande wa mbele, na atakuwa amekaribia kwao.

Simu ya marehemu ilikuwa mfukoni mwa koti langu. Iliita tukiwa tumesimama pale. Niliona ni mke wake, na sikuweza. Yule mzee wa duka akanyoosha mkono, nikampa, akasema yaliyopaswa kusemwa kwa maneno machache mazuri, akanirudishia. Mimi niliyekuwa naye tangu asubuhi nilisimama kando natazama mkonge.

Hakuna aliyenilaumu. Baadaye kikao cha kujadili vifo kilikaa, nikasoma karatasi yangu yenye mstari mmoja, na wenzangu wakasema gari ni moja, ungefanyaje. Daktari kijana wa Korogwe alinipigia simu kunipa pole. Yule mwanamke wa paja alipona, anatembea kwa kuchechemea, na mama yake aliniletea machungwa kwenye ileile ndoo. Nilimpokea, nikamshukuru. Beberu alikaa wiki nzima amefungwa nyuma ya kituo mpaka mpwa wa marehemu alipokuja kumchukua. Kila mmoja alinifariji, na kila faraja ilinisogeza mbali na watu hatua moja, kwa sababu walikuwa wanamfariji mtu aliyekosa gari. Huyo si mimi. Mimi nilikuwa na nafasi kwenye benchi, nilikuwa na mashine ya presha, na niliambiwa habari ya bega.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Mazishi yalikuwa kesho yake, Kerenge, baada ya adhuhuri, na nilikwenda. Nilikwenda kwa jambo moja: kumwambia mke wake. Nilitaka awepo mtu mmoja duniani anayejua, na nilitaka awe yeye, anifanye atakavyo. Njia nzima ndani ya basi, kisha juu ya pikipiki, nilikuwa napanga sentensi. Niliipunguza mpaka ikabaki fupi, ili nisipate pa kukimbilia katikati yake.

Nilifika jeneza likiwa bado uani. Mzigua mmoja mwanamume, sikumjua, alikuwa amelala chini mbele yake, amejifunga upande wa kanga kichwani, anasema halipiti. "Huyu tumemuua sisi Wazigua, kwa mikono yetu," alikuwa akisema. "Mnalipeleka wapi windo letu?" Waombolezaji walikuwa wanacheka na kufuta machozi, wanamsihi apishe. Mtani akifanya hivyo msibani anafanya kazi yake, na msiba usio na watani watu huusimulia kwa kuuonea huruma. Nililijua hilo tangu utotoni. Siku hiyo sikulifikiria. Nilikuwa nimeshika sentensi yangu, nikapita kando nikaingia ndani kwa wanawake.

Mjane alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, mwanamke mwembamba, macho yamekauka. Wifi yake aliuliza mimi ni nani. Nikasema ni yule wa kituo cha afya, Handeni.

"Mzigua?" mjane akauliza.

"Mzigua."

"Ndiye mtani wake," aliwaambia wenzake. "Aliniambia kwenye simu. Alisema ana ulimi mbaya."

Wanawake walinipisha, nikakaa karibu naye. Wifi mtu, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, akanitazama juu mpaka chini. "Mtani gani anaingia msibani na uso wa mfiwa? Sisi tumelia tangu jana tumechoka. Fanya kazi yako."

Nilimshika mjane mkono. Ulikuwa na joto. "Mama," nikamwambia, "mumeo nimemuua mimi."

Wifi mtu akapiga kofi pajani. "Haya. Sasa umefika."

Chumba kizima kikacheka. Nikatikisa kichwa, nikasema kwa nguvu zaidi. Nikasema gari lilikuwa na nafasi nikampa mwingine. "Msikieni," akasema mmoja nyuma. Nikasema niliambiwa bega linamuuma nikacheka, nikaenda kushona mtu paji la uso. Nikasema sikumpima. Kila nilipoongeza, kicheko kilipanda, na wale wa mlangoni wakawaita wa nje waje wasikie Mzigua anavyojua kazi. Nilikuwa nalia. Wifi mtu akasema hata machozi anayo, huyu kafundwa. Nikasema, "Siyo utani, wallahi siyo utani," na hapo ndipo mjane mwenyewe alipoinamisha kichwa begani kwangu, akacheka. Alicheka mpaka akakosa pumzi, na kicheko kikageuka kilio, kilio kile cha kwanza, ambacho wenzake walikuwa wamekingoja tangu jana. Walinipigapiga mgongoni kunishukuru.

Nje jeneza lilikuwa limeruhusiwa kupita. Tulisikia wanaume wakiondoka nalo. Mtani hakai tu msibani, kwa hiyo nikapewa masufuria, nikayaosha kwa jivu kisimani mpaka alasiri. Mara tatu niliinuka nimwite mjane pembeni, mbali na wenzake, nimwambie upya. Mara tatu nikamwona kupitia mlangoni, ameanza kula, nikainama tena kwenye masufuria. Nitasema na hili, maana nimeshaanza kusema ukweli: kuna sehemu yangu ilifurahi kwamba hakuniamini.

Nilipoaga alisimama, akakataa kushikwa, akanisindikiza hadi barabarani. Tulisubiri pikipiki. Ilipofika akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia nisikose kuja arobaini, kwa sababu watoto wake wapo, ndugu wapo, lakini mtu wa kumwambia mambo ya mume wake hana mwingine ila mimi.